Bado Hajalikizika

Nakuru, 14 Januari 2025

Kwako mamangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Shikamoo mama. Natumaini hapo Munje nyote mu wazima na mgongo wako umepoa. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku si ya kusimulia. Asubuhi maji ya kutawadha yanauma vidole kama kaa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yako haisikiki mpaka uiweke spika, na ukiiweka spika Munje nzima inapata habari. Haya ni yako peke yako. Barua zangu zitakuja na basi, utazichukua pale ofisini kwao Ukunda.

Timu imenipokea. Inaitwa Nyota za Bonde. Wamenipa mkataba wa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Tunalala wanne chumba kimoja na watoto hawaruhusiwi. Nikiwapendeza, watanipa mkataba wa miaka miwili na chumba changu mwenyewe, na Nadhira atakuja akae na mimi. Nisipowapendeza nitarudi kufua mashuka hotelini Galu.

Sasa mama, hujasahau tuliyokubaliana na kina Seifu siku ya talaka. Nadhira akae kwangu mpaka alikizwe, akishaacha ziwa wazee wakae kikao waamue atalelewa wapi. Mamake Seifu, Bi Mwanapili, tangu siku hiyo yuko Mwabungo anangoja. Akisikia mtoto ameacha ziwa na mimi niko Nakuru, hicho kikao hakitamaliza hata birika moja la chai. Watamchukua.

Watu wanajua niko kazini na nimemwacha kwako umlikize, kama wanavyofanya wengine. Waache wajue hivyo hivyo. Sikuombi useme uongo mama. Nakuomba usiwe na haraka ya kusema kweli.

Analala? Ameniulizia?

Mimi mwanao,
Mama Nadhira


Munje, 27 Januari 2025

Mwanangu Asiya,

Waalaikum salaam, na marahaba nyingi. Mgongo haujambo, mwenye mgongo ndiye anayeusumbua. Babako anakusalimu, jana alipanda minazi kumi na kitu pale kwa Mzee Jefwa na leo anatembea kama ngamia.

Mtoto usiku wa kwanza alilia mpaka na mimi nikalia. Halafu nikamkorogea uji wa mchele wa tui, nikampondea ndizi mbivu ndani, akanywa akinitazama kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Akalala. Sasa haulizi ziwa tena. Anakuuliza wewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, mimi nimelikiza watoto sita nayajua.

Kwa hiyo ameshaacha, Asiya. Lakini hilo nimekuambia wewe, sijamwambia mwengine.

Na wewe maziwa yako? Yafunge kwa leso, usiyakamue sana, ukiyakamua yanadhani mtoto yupo.

Babako anauliza umefunga mabao mangapi. Anasema mchezaji asiyefunga ni kama mkwezi anayeteremka bila nazi. Nijibie wewe.

Mamako


Nakuru, 11 Februari 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa hapo kwetu. Shikamoo. Nadhira umbusu kwenye kile kidevu chake, halafu umbusu tena.

Umeuliza habari ya maziwa. Mama, yalitaka kunifukuzisha kazi. Mimi ni kiungo, nacheza pale katikati, na mipira mingi inanijia ikiwa juu. Kocha wetu, Kocha Kavumbi, ni mwanamke wa Kikamba mwenye sauti ya king'ora. Ananipigia kelele, "Asiya, kwa kifua! Pokea kwa kifua!" Na mimi kifua ndicho hicho, kimejaa, kinauma, mpira ukigusa naona nyota mchana. Basi ukija nainama. Unapita. Adui anauchukua.

Wiki mbili nimekaa benchi. Kocha akasema mbele ya wote, "Huyu wa pwani anaogopa mpira." Niliona nikisema nina mtoto wataniambia nirudi kwa mtoto.

Aliyenitoa hapo ni Kadzo, msichana wa Rabai ninayelala naye chumbani. Aliona jezi yangu imelowa mbele hata mazoezi hayajaanza. Akaenda kwa kocha bila kuniuliza. "Kocha, huyu haogopi kitu. Huyu ananyonyesha hewa." Nilitaka ardhi inimeze. Kocha Kavumbi akanitazama, akaniita pembeni, akasema, "Mjinga wewe, kwa nini hukusema? Mimi nilirudi uwanjani mwanangu akiwa na miezi minne." Jioni akaniletea majani ya kabeji kutoka kwenye friji, niyaweke ndani ya sidiria. Mama, usicheke. Yamefanya kazi. Nilikuwa nanuka kama jiko la harusi lakini sasa kifua kimelegea, na jana nilipokea mpira nao ukatulia pale kama mtoto aliyeshiba.

Baada ya hapo nilikwenda chooni nikalia. Si kwa maumivu. Ni kwamba yamekwisha.

Mwambie baba hivi: mkwezi yuko juu ya mnazi, sawa. Lakini kuna anayesimama chini akionyesha shada lipi limekomaa, anafukuza watoto wasipondwe, na nazi zikianguka anazizuia zisibingirike mtoni. Huyo ndiye mimi. Asipokuwepo, sifa za mkwezi zinakwenda na maji.

Mwanao,
Mama Nadhira


Munje, 25 Februari 2025

Asiya wangu,

Salamu baada ya salamu. Sisi hatujambo, ila nimepatikana, na nimeponea padogo.

Jumapili Bi Mwanapili alikuja. Hakupiga simu. Nimeinama nakuna nazi, nasikia, "Hodi wenyewe!" Amebeba kuku, gauni la mtoto na pakiti mbili za biskuti. Nikamkaribisha, nikampa maji, tukaulizana hali mpaka za mbuzi. Halafu akafikia alilojia.

"Mjukuu wangu ameshalikizika?"

"Bado," nikasema. "Bado anasumbua. Ukimhamisha sasa ataugua."

Na mjukuu mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba na kipande cha muwa kirefu kumshinda, anakimenya kwa meno.

Bi Mwanapili akamtazama. Akanitazama. "Mwanapwani mwenzangu, mtoto huyu yuwatafuna muwa, nawe waniambia hajaacha ziwa?"

Nikamwambia, "Muwa ni muwa, ziwa ni ziwa."

"Meno yake yashinda yangu!"

"Mchana ni shujaa. Ungemwona usiku."

Babako alikuwa kibarazani. Alijifunika uso kwa kofia na mabega yalikuwa yakimtikisika. Bi Mwanapili alikunywa chai akaenda zake, lakini mlangoni alisema, "Nitarudi baada ya Idd." Na si mtu mbaya, Asiya. Alimkalisha mtoto mapajani akamsuka nywele zote, vizuri kuliko nimsukavyo mimi. Hilo ndilo linalonitia hofu. Mbaya ungemkatalia.

Jambo jingine sikutaka kuandika. Juzi mtoto aliniita mama. Nilimwambia mimi ni bibi, mama yuko Nakuru anacheza mpira. Akasema, "Mama mpira." Sasa akiona mpira wowote njiani anauita hivyo.

Fanya haraka huko.

Mamako


Nakuru, 22 Aprili 2025

Kwa mama,

Shikamoo, na Idd iliyopita iwe ya heri kwenu. Nisamehe kwa kimya. Ramadhani nilifunga na mazoezi sikuyaacha. Kocha alikuwa akinisogezea mazoezi yangu karibu na magharibi, na wale wasichana wa bara walikuwa wakiningojea na tende kana kwamba wao ndio waliofunga.

Barua yako ya muwa niliisoma, nikacheka, nikafika pale mwisho nikaikunja. Siku ile nilikimbia uwanja mzima peke yangu mpaka walinzi wakaniambia wanafunga geti.

Sasa naanza mechi, mama. Mechi nne mfululizo namba sita ni yangu. Lakini mkataba bado. Kocha anasema wakubwa wa timu wanatazama mpaka mwezi wa sita, na kuna msichana kutoka Kakamega anayetaka nafasi hiyo hiyo, na mpira anaujua.

Habari kubwa hii: Jumamosi tarehe 17 Mei tunakuja kucheza Ukunda na Mabinti wa Diani! Tutaingia asubuhi na kuondoka jioni ile ile, sitaruhusiwa kufika nyumbani. Mlete Nadhira uwanjani. Mvalishe lile gauni jipya. Nakuomba mama, nimwone tu.

Wako,
Mama Nadhira


Munje, 19 Mei 2025

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama. Najua ulipanda basi ukiwa umekunja uso, ndiyo maana naandika mbio. Kuna ulichokiona wewe na kuna nilichokiona mimi nilipokuwa nimeketi.

Tumefika pale langoni mimi na babako na mtoto, nani kakaa na beseni la viazi karai akiuzia watazamaji? Bi Mwanapili, aliyesema atarudi baada ya Idd asirudi! Nilitaka kugeuka, lakini Nadhira alishamkimbilia. Ikabidi tukae naye. Aliuliza, "Na ninyi mpira mmeanza lini?" Babako akasema tunapunga upepo.

Mkaingia. Bi Mwanapili hakukujua kwanza, na ile suruali ndefu na kilemba. Mpaka ulipomnyang'anya mpira yule dada mrefu ukasimama ukionyesha mkono. Akaniuliza polepole, "Yule si Asiya?" Nikasema ndiye. Aliendelea kuuza viazi bila kutazama chenji.

Nyuma yetu kulikuwa na vijana. Mmoja, anaitwa Baya, akapiga kelele, "Namba sita, rudi kwenu ukapike!" Asiya, yule mama alisimama na kijiko cha ukwaju mkononi. "Wewe, Baya! Huyo unayemtuma jikoni ni mama wa mjukuu wangu! Mguu wako wajua kazi gani zaidi ya kukuleta hapa kula viazi vyangu kwa deni?" Watu walicheka mpaka mchezo ukasahaulika. Tangu hapo kila ukigusa mpira alikuwa akisema, "Haya, Asiya. Haya, mwanangu. Mpe yule. Yule!" Na ulipoupokea kwa kifua ukautuma kule pembeni, likafungwa bao, aliyeruka juu kwanza si mimi.

Halafu ikawa ile. Filimbi ikalia, ukaja mbio umelowa jasho, ukapiga magoti kwenye vumbi, ukanyoosha mikono. Na mtoto akajificha ndani ya buibui la Bi Mwanapili.

Wewe uliona mgongo wa mtoto. Mimi nilikuwa naona uso wa nyanyake. Wewe ulikaa vile umepiga magoti, unatabasamu, hukumvuta, mpaka wenzako wakakuita garini. Bi Mwanapili alilitazama gari mpaka likatoka. Kisha akafunika beseni, na viazi bado vimo.

"Kumbe mmenidanganya tangu Januari," akasema.

Nikasema, "Tumechelewa kukuambia."

"Kikao ni baada ya Idd kubwa." Akaenda.

Sijui moyo wake umelalia upande gani. Muombe Mungu nami namuomba.

Mamako


Nakuru, 12 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu habari haingoji.

Nimepata. Miaka miwili! Nimetia sahihi asubuhi hii. Kocha Kavumbi aliniita akasema, "Asiya, ukiwa uwanjani hakuna anayekuona. Ukitoka kila mtu anauliza nani ameondoka." Yule wa Kakamega naye wamemchukua, tutacheza wawili pale katikati, na yeye ndiye wa kwanza kunikumbatia. Chumba nimeshaonyeshwa. Kina dirisha, na jirani ni mama mwenye watoto ambaye atabaki na Nadhira nikiwa mazoezini.

Lakini mama, usiku namwona akijificha. Sikuvunjika mbele yenu, nilivunjika kwenye gari. Kama kikao kitasema akae Mwabungo, je, watakuwa wamekosea? Alimkimbilia nani? Mwambie Bi Mwanapili nimepata chumba. Mwambie pia kwamba sina kinyongo naye, lolote atakalosema.

Mwanao,
Mama Nadhira


Munje, 27 Juni 2025

Mwanangu Asiya,

Marahaba, na hongera ambayo nimekwisha kuitangaza kwa spika ya simu, Munje nzima inajua.

Kikao kilikuwa jana. Seifu alikuja, amenenepa, alikaa kando akiichezea miwani. Wazee walianza na mila na desturi, mtoto wa nani na ukoo wa nani. Nami nimejikaza na barua yako mfukoni. Bi Mwanapili akawakatiza.

"Nilimtaka mtoto kwa sababu nilidhani mamake amemtupa," akasema. "Mama aliyetupa mtoto hapigi magoti kwenye vumbi mbele ya uwanja mzima akiomba kusalimiwa. Yule mtoto alijificha kwangu kwa kuwa ananijua mimi. Nikimchukua, atazidi kumsahau mamake. Mimi nataka mjukuu. Sitaki yatima ambaye mamake yu hai. Aende Nakuru kabla hajasahau zaidi."

Mzee mmoja akauliza, kwa hiyo ameshalikizika? Akamjibu, "Mtoto kaacha ziwa. Mama bado hajaachishwa mtoto, wala mimi sitakuwa wa kumwachisha."

Nikamsomea barua yako. Akafuta macho kwa pembe ya leso, halafu akaanza ukali: hicho chumba kina kitasa? Huyo jirani ni mtu wa namna gani? Hawezi kumpeleka mjukuu asipoona kwa macho yake. Mwisho wake ni kwamba tunakuja watatu, mimi, yeye na Nadhira, Jumapili usiku, tutafika Jumatatu asubuhi. Tafuta godoro. Na usilale kitandani wewe ukamwacha yeye chini, utanitia aibu.

Mtoto tumemwambia leo tu. Amelala sasa hivi na viatu vyake miguuni. Tumejaribu kumvua, amekataa, anasema basi litamwacha, na basi lenyewe ni la keshokutwa.

Uje stendi mapema. Akijificha tena, usimkimbilie. Piga magoti vile vile ulivyopiga, kisha ungoje. Safari hii hakuna gari la kukuita.

Mamako