Miaka Niliyompunguzia Mama Masanja

Jumanne, 4 Machi

Kliniki ya wazee. Nimefika saa moja kasoro, benchi tayari limejaa. Kazi yangu ni ile ile. Kama katibu wa baraza la wazee la mtaa wetu hapa Nsemulwa, hukaa karibu na dirisha, huwasomea wasiojua kusoma, huwagombeza wanaoruka foleni, na kumkumbusha mhudumu kwamba mtu wa miaka sitini na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure. Nimegombeza watatu. Mvua imenyesha mpaka saa nne, viatu vimeharibika.

Mama Masanja amerudishwa. Presha iko juu, miguu imevimba, lakini kitambulisho chake kinasema ana miaka hamsini na minne. Kaambiwa akalipie dawa kama wengine. Ameondoka. Hata mimi hakuniangalia.

Yule dada wa dirishani hana kosa. Amesoma kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Niandike, labda nitatulia.

Zoezi la vitambulisho lilipofika huku nilikuwa bado nafundisha. Walimu tuliombwa kuwajazia fomu wasiojua kuandika. Mama Masanja alikuja wa mwisho, watu wameshaondoka. Nikamuuliza mwaka wa kuzaliwa. Hajui, ila Uhuru ulipokuja alikuwa tayari anachunga ndama. Nikapiga hesabu, nikashika kalamu. Akanishika mkono.

"Mwalimu, nipunguzie."

Mume wake alikuwa amekufa mwaka huo huo. Macho yake mekundu, ni moshi wa kuni na samadi kavu tangu usichana kwao Usukumani. Orodha ingebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, majina na miaka, kila mtu asome. Na wote tunajua mjane mzee mwenye macho mekundu anaitwa nini mtoto wa jirani akiugua. Mama yake mdogo alikatwa mapanga kwa jambo hilo, kabla familia haijahamia Katavi na ng'ombe zao.

Nikampunguzia miaka kumi na saba. Nilijiona mtu mwema sana. Kwa karatasi ile alimzaa Masanja akiwa na miaka minne. Na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa hesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa mtendaji wa mtaa. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Nilipoingia amenisikiliza vizuri, siwezi kumlaumu.

Njia ipo. Kurekebisha kitambulisho ni miezi. Lakini mtaa unaweza kumpa barua ya msamaha wa matibabu wakati tunasubiri, na jina lake liingie kwenye orodha ya ruzuku ya kaya maskini, apate hata ya chumvi na sabuni. Sharti ni moja. Jina lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, mhusika asimame, wananchi wathibitishe kwamba kweli ni mzee na hana uwezo.

Utaratibu mzuri huo. Nimeutetea mwenyewe miaka yote, maana unawazuia wenye mabati mapya kujiita maskini.

Akaniuliza kosa la umri lilitokeaje. Nikasema karani alikosea. Limetoka mdomoni kirahisi kabisa. Mzee mzima, muongo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimekwenda kwa Mama Masanja, mwisho wa mtaa, yanapoanza mashamba ya mahindi. Nimemkuta anapukuchua. Nikamweleza habari ya mkutano.

Amekataa. Hakupiga kelele. "Mwalimu, nyie mnataka nisimame mbele ya watu mniite bibi kizee. Halafu usiku nilale na nani mle ndani?"

Nikamwambia siku hizi watu wamesoma, serikali ipo, mambo hayo yamepita. Akacheka. Si kicheko cha furaha. Akanipa viazi vitamu vya kuchemsha, tukaongea habari za mvua.

Njia nzima nimekasirika. Kichwa kigumu, yule mama. Nilipofika nyumbani hasira imeniishia, nikabaki najisikia vibaya tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempeleka nesi, jirani yangu, akampime Mama Masanja nyumbani kwake. Akanivuta pembeni. Asipokunywa dawa kila siku, kiharusi kitampiga, na hakitachelewa.

Nimemnunulia za wiki moja. Zaidi ya hapo pensheni yangu haifiki, nami nina dawa zangu za sukari. Nikamwambia hivyo wazi. Kisha nikaongeza yasiyohitajika. Kwamba atakufa kwa kuogopa midomo ya watu. Kwamba wanawe watamzika kwa ujinga wake. Nilisema kwa sauti ile ya darasani.

Akaokota punje za mahindi zilizodondoka. Kisha akauliza mkutano ni lini.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenakili orodha ya majina ya kesho mara mbili. Ya kwanza haikuwa na kosa. Ni woga.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano, uwanja wa shule. Watu wengi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ya habari ya maji. Ajenda ya wazee ikawekwa karibu na mwisho. Majina saba. Sita wamepita haraka, kina babu wamesimama, watu wamecheka, wamepiga makofi.

La saba, la Mama Masanja, nililisoma mimi. Alisimama kwa shida, kajifunga kitenge kipya, kichwa kainamisha. Mtendaji akauliza, wananchi, mnamtambua? Ni mzee? Watu wakatazamana. Halafu sauti ya mwanamke kutoka nyuma, "Mzee wa siku nyingi huyo, angalieni macho tu." Wachache wakacheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio walionitisha.

Mtendaji akaandika kwamba amethibitishwa. Makofi hafifu.

Nilitakiwa kusema kitu. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasoma ajenda iliyofuata.

Jumanne, 18 Machi

Barua imetoka. Mhuri, sahihi, kila kitu. Nimempeleka mwenyewe kituoni, wakampa dawa za mwezi mzima bila kumuuliza zaidi. Yule dada wa dirishani kamwita "mama yangu" na kumletea kiti. Nilifurahi, siwezi kuficha. Njiani nilinunua soda mbili, tukanywa tumesimama. Yeye hakumaliza yake.

Jumamosi, 22 Machi

Mtoto wa jirani wa Mama Masanja ana homa. Malaria tu, kapimwa. Lakini tangu juzi majirani hawaendi tena kuazima kinu kwake. Jana kakuta ungo wake umerudishwa, umewekwa nje ya mlango, hakuna aliyebisha hodi. Ameniambia mwenyewe, polepole, kama anamsimulia mtu mwingine.

Nimekwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kasema ataongea nao. Nimekwenda polisi. Wakaniuliza kama kuna mtu aliyemtishia. Hakuna. Kuna ungo tu.

Jumatano, 26 Machi

Masanja amekuja kutoka Inyonga kwa pikipiki, ameacha tumbaku yake bila msimamizi. Kamchukua mama yake. Vitu vyote vimeingia kwenye mfuko mmoja wa salfeti. Kuku wawili kaniachia mimi.

Nikamweleza Masanja mara tatu: barua hii ioneshwe kituo cha huko, wamtambue, dawa zisikatike. Akaitikia. Mama yake kaichukua ile barua mkononi mwa mwanawe, kaikunja, kaitia kwenye upindo wa kitenge.

Hakuniaga kwa mkono. Alisema tu, "Mwalimu, baki salama." Nyumba ile sasa ina kufuli. Nimepita jioni nikaiona, sikupenda.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepiga simu. Masanja kampelekea. Hajambo. Mvua huko nzuri. Dawa? Zipo. Barua umeionesha? Akaniuliza kuku wanataga. Nikarudia. Akasema mtandao unakatakata. Mimi nilikuwa namsikia vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Dawa za mwezi zinaisha leo au kesho, kwa hesabu yangu. Nimepiga simu mara nne, haipatikani. Labda Masanja yuko bani, anakausha tumbaku. Nitapiga tena baada ya Pasaka.

Ijumaa, 25 Aprili

Amekufa. Kiharusi, jana asubuhi, alikuwa anachota maji. Masanja kapiga saa kumi na mbili. Nikasema pole, pole, pole, mpaka salio lake likaisha.

Sikupiga ile simu baada ya Pasaka. Nilikuwa na kikao, halafu nikasahau. Nimeiandika ili nisijidanganye.

Jumapili, 27 Aprili

Inyonga. Tumezika jana, nimefika na basi la asubuhi, vumbi na matope kwa zamu. Watu si wengi. Wanawake wa pale walikuwa wanalia wakisema, dada yake Masanja, maskini, bado kijana. Nilidhani wamechanganya. Nikamuuliza mkwe wake, mke wa Masanja. Kumbe Mama Masanja alipofika aliwaambia majirani kwamba yeye ni dada mkubwa wa Masanja. Wajukuu walifundishwa kumwita shangazi mbele ya watu. Walizoea haraka.

Barua ilikutwa chini ya godoro, bado imekunjwa vile vile. Hakuionesha kwa mtu yeyote. Zahanati iko karibu tu, unaiona ukisimama mlangoni. Mkwe alimpeleka mara mbili, akakaa foleni ya wanaolipia. Aliponunua, alinunua vidonge vichache. Vilipoisha alisema amepona.

Jioni, watu walipopungua, nikamwita Masanja kando, nyuma ya bani. Nikamwambia yote. Kwamba karani hakukosea. Kwamba kalamu ilikuwa yangu, na kwamba mimi ndiye niliyemsukuma mama yake asimame uwanjani, kisha nikakaa kimya kipaza sauti kikiwa mkononi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

Hakunitukana. Alisema anajua, mama yake alishamwambia zamani. "Alikuwa anakushukuru, Mwalimu. Alisema ile miaka uliyompunguzia ndiyo aliyolala usingizi."

Kisha akaenda kuongeza kuni. Tumbaku haisubiri msiba.

Nimesimama pale mpaka giza. Nilimpunguzia akakosa dawa. Nikamrudishia akakosa mahali pa kulala. Mara zote mbili nilikuwa na nia njema, na mara zote mbili nilimwamulia.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kwa mtendaji. Nimemwambia nani aliandika fomu ile. Akaniangalia juu ya miwani, akasema jambo hilo linaweza kuniletea matatizo. Nikasema najua. Akaniuliza kama nataka kujiuzulu ukatibu. Nikasema hapana, nataka jambo lingine. Majina ya wazee yasisomwe tena uwanjani. Wahakikiwe majumbani kwao, watu watatu waaminifu, mlango umefungwa. Wenye mabati mapya tutawajua hata hivyo.

Kasema wazo si baya ila utaratibu ni utaratibu, niandike barua, ataipeleka juu. Nimeandika pale pale ofisini. Aya ya kwanza ni kosa langu, tarehe na yote. Aya ya pili ni ombi. Nimeisoma mara mbili, sikukuta kosa la tahajia.

Akauliza nakala nyingine iende kwa nani. Nilifikiri kidogo. Nikasema hakuna, ambaye ningempa hakujua kusoma, na tumemzika Inyonga.

Akagonga mhuri wa kupokelewa. Nimerudi kwa miguu, jua kali, barabara imeanza kukauka. Nimepika ugali na mlenda, nimekula nusu.