Visanduku Viwili vya Fukusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimenukuliwa mara 412! Makala ileile moja, ya fukusi wa mahindi na joto la jua. Zile nyingine kumi na tisa kwa jumla zimenukuliwa mara sitini – na nusu yake nimejinukuu mwenyewe. Mkuu wa idara anasema faili langu la uprofesa linaingia kwenye kamati tarehe 22. Anataka picha ya fukusi wale wenyewe, wanakamati wapate cha kutazama. Kesho nitatoa visanduku kabatini.

Jumanne, 5 Machi

Niandike polepole.

Miaka kumi na moja iliyopita tulichanganya fukusi wa aina mbili, wenye madoa na weusi watupu. Bila darubini huwatofautishi. Tukawaanika juani siku nne. 44 wakafa, wote aina moja. 31 wakapona, wote aina ya pili. Kila kundi kisanduku chake, kila mdudu pini yake. Makala ikatangaza: wenye madoa, wale wanaomaliza mahindi ya watu, hufa kwa jua.

Leo nimehesabu. Kisanduku chenye lebo WALIOKUFA kina 31. Cha WALIOPONA kina 44. Nimehesabu mara tatu. Nikafunga mlango, nikahesabu tena.

Pini! Zilishika kutu, nikazibadilisha zote, lebo za visanduku nikaziweka kando. Ndiyo siku niliyopigiwa simu kwamba baba hatunaye tena. Nilirudi mezani sioni vizuri kwa machozi, nikabandika lebo, nikaenda kumzika. Baadaye nikaandika makala: idadi nilichukua daftarini, aina nikachukua kwenye visanduku. Watu 412, hakuna aliyehesabu. Wala mimi!

Kwa hiyo lebo zilibadilishana visanduku: waliokufa ni weusi. Wenye madoa walipona.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mdogo. Sikulala kwa ajili yake. Kila mwaka anaanika mahindi siku nne kama nilivyomfundisha, na kila mwaka fukusi wanamlia. Kila mwaka namwambia hageuzi vizuri! Mara moja nilimkaripia mbele ya wanawe.

Nimemweleza Mkuu. Tuliandika naye makala ile, jina lake linafuata langu. Kwanza alicheka. Kisha akaenda kufunga dirisha. Anasema nitulie, dada yangu, visanduku vimehamishwa mara ngapi, nani ajue? Nikamwambia mimi najua. Akasema basi nijue baada ya tarehe 22.

Jumatano, 13 Machi

Nimeandikia jarida hata hivyo. Jibu limekuja asubuhi: hawatoi sahihisho bila saini za waandishi wote. Nimempelekea Mkuu fomu. Ameiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Wamefika 414.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepita. Dakika ishirini tu! Mwenyekiti alisema makala yangu imewafikia wakulima. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mkuu akaanza kupiga makofi, wote wakafuata, nami nikashukuru.

Nimeona aibu. Fomu bado iko chini ya kikombe, ina duara la chai.

Jumapili, 24 Machi

Mama mdogo amepiga simu kunipongeza. Ameniita Profesa, akacheka, akaniita tena. Halafu akashusha sauti. Mwaka huu aligeuza mahindi kila saa, hata chakula alikula palepale juani. Wadudu wamo vilevile. Akauliza, mwanangu, hebu niambie, nakosea wapi?

Nilikuwa nayo sentensi. Nimeitunga wiki nzima: mama, hukosei, nilikosea mimi. Maneno manne!

Nimemwambia aongeze siku moja. Tano badala ya nne.

Akanishukuru. Akasema ndiyo faida ya kuwa na msomi nyumbani, yeye angejuaje. Atawaambia na majirani, waje waanike pamoja uani kwake, magunia yote yaliyobaki.

Nimekata simu, nimeandika haya. Nimejaribu kumpigia, anaongea na mtu. Nimepiga tena. Bado anaongea. Jirani wa tatu sasa, nadhani – nasubiri, napiga tena, bado anaongea