Kikopo cha Cherehani

Ndugu yangu wa ziwa moja,

Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji, na magoti yako yakikunjika bado. Mimi huku nimekuwa daktari: watu wananiuliza mambo ya figo nami nawajibu. Haya, usicheke, ni uongo. Ni yuleyule mshona viatu wa darasa la nne, ila nimekaa sana kwenye benchi la hospitali, na benchi nalo hufundisha.

Mgonjwa ni kitindamimba wangu, yule tunayemwita Cherehani kwa kusema bila kuvuta pumzi. Daktari kasema ni lupasi: kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe, imefika hadi kwenye figo. Ugonjwa huu kinyonga. Jirani yetu wa benchi alivimba uso kama mto wa kulalia. Mwenzake alikojoa damu. Wa tatu hakuumwa popote, walimpima presha tu wakamkamata. Cherehani alianza na viungo kuuma, kisha mkojo wa povu. Nikamwambia basi aufulie nguo. Alicheka, ndugu yangu. Siku hizi anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kimya, nami namkanda miguu iliyojaa maji.

Daktari anashangaa. Anasema kinyama walichokata kwenye figo kina makovu ya siku nyingi, mbona cheti cha kiwandani cha mwaka jana kinasema mkojo safi? Ananiuliza mimi. Mimi nakohoa.

Hapa soma peke yako. Kiwanda kilipotaka kila mfanyakazi apeleke mkojo wa asubuhi, Cherehani aliogopa lile povu litamfukuzisha kazi. Nikamwambia alete kikopo. Nikakijaza mimi, na majibu yalipotoka nikajisifu kuwa huo ndio mtihani wangu wa kwanza kufaulu. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Angepeleka wake, wangemuwahi. Na mpaka leo hajasema neno. Ananisitiri, mtoto yule.

Jumatatu nitamwambia daktari, mama yake akisikia. Haitasaidia kitu; figo haziwekwi soli mpya. Msalimie shemeji na watoto, ila haya usiwaambie.

Nakudai fadhila moja: zile fimbo nilizochapwa mimi ulipovunja wewe dirisha la mwalimu mkuu. Njoo Jumatatu ukae kando yangu kwenye benchi. Usiseme kitu. Nikianza mzaha tu, unikanyage mguu.

Ndimi kaka yako,
Mshona Viatu