Ningenyamaza Tu

Jumanne jioni

Afadhali ningenyamaza.

Wiki zote hizi Shikuku, mwalimu wangu wa udereva, amekuwa akinisifu. Naangalia vioo bila kukumbushwa, na pale raundabauti nangoja zamu yangu hata bodaboda wakinipigia honi. Leo, tukitoka Malava, alinigonga bega ghafla ili nikate kushoto. Nikashtuka, gari likayumba. Nikaegesha kando, nikamweleza kwa heshima.

"Mwalimu, mimi nina usonji. Ukinigusa hivyo akili inatawanyika. Niambie kwa mdomo tu, nitafanya."

"Kwani wewe ni mgonjwa na hukuniambia?"

"Si ugonjwa, mwalimu."

"Shuka, madam. Nitaendesha mimi."

Nikarudishwa Kakamega kama mzigo. Njiani akasema hatanipeleka kwenye mtihani Ijumaa. "Ukiua mtoto wa watu, mimi nitasema nini?" Akayasema hayo akilipita lori la miwa kwenye kona, mkono mmoja ukiwa na simu. Gari ni lake, kwa hiyo nikageukia dirisha. Nilitamani kulia lakini sikutaka anione.

Nyumbani dada yangu Nafula, ambaye siku zote hunihimiza nisijifiche, aliniuliza, "Sasa ulimwambia ya nini?"

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hata yeye.

Nimeshapata shule nyingine ya udereva. Wakiniuliza kama kuna lolote wanalopaswa kujua kunihusu, nitatabasamu vile watu wanavyopenda, niseme hakuna. Nao wataniamini.