Sauti Yako Imekwenda Bila Jina

Malindi, Lushoto
Kipindi cha baridi

Danieli mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyobaki nayo, na sitaki huko uliko uanze tena kuhangaika na maneno yaliyokukimbia. Mwandiko ni wangu mwenyewe, usidhani nimemwomba mtu anishikie kalamu. Katika darasa lako la watu wazima, nani alikuwa wa kwanza kuandika jina lake bila kutazama ubao? Mimi. Wenzangu wakasema ni kwa sababu mwalimu nimemzaa. Nikawaambia basi na wao wangezaa walimu.

Huku tupo. Ukungu mwaka huu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Kabichi za shamba la kijiji zimefunga vizuri, na lile darasa ulilokuwa ukiliezeka siku ulipoanguka limekwisha, watoto wanasoma ndani yake. Nikipita pale nainamisha kichwa. Si kwa uchungu peke yake, mwanangu. Kutoka kwenye paa lile Mungu alinionyesha jambo ambalo kina mama wengine hawakuonyeshwa, na mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka.

Unakumbuka ulipozinduka hospitali? Nilikusalimu kwa Kishambaa, kama nilivyokusalimu tangu ukiwa mgongoni. Ukanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu ukasema, "Shikamoo, mama. Naomba maji." Nikakuuliza, mazi? Ukautazama mdomo wangu. Nikarudia. Hukulijua neno. Lugha niliyokupa pamoja na maziwa ilikuwa imefutika yote, na ile uliyokwenda kuitafuta shuleni imesimama wima, hata haikuchubuka. Nikadhani unanitania. Kisha nikaona machozi yako.

Basi tukaanza kuzungumza Kiswahili jikoni kwetu, mimi na mwanangu wa kumzaa, kama tuko ofisini kwa mkuu wa wilaya. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, cha kupatana bei. Wewe ukanikuza kidogo kidogo. Majirani walisema siku hizi Mama Danieli anaongea Kiswahili hata na kuku wake. Hilo nililicheka. Lililonichoma ni lile jingine, kwamba Danieli ana kiburi cha usomi, amejifanya kusahau lugha ya mama yake. Walilisema hata kanisani. Wewe ulilisikia, ukawa hutoki nje. Siku ile ulipokaa nyuma ya nyumba ukaniambia, "Mama, siwakatai. Nayatafuta maneno, siyaoni." Ningeweza kumpiga mtu jembe siku ile.

Ndipo akaja Daktari Lyimo, yule kijana wa kusomea ubongo, na picha zake na mashine ya kunasa sauti. Anakuonyesha picha ya moto, unasema moto. Jembe, jembe. Akikuuliza kwa Kishambaa alichoandikiwa na watu wa hapa, unamsikiliza kama mtu asikilizavyo mvua kwenye paa la jirani. Akauliza kama unaimba. Jumapili akaja na mashine mpaka kanisani, nawe ukaimba wimbo wa Kishambaa pamoja na watu wote, ubeti kwa ubeti, hukuruka neno. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilishika benchi. Tulipotoka akakuuliza maana ya ulichoimba, ukasema hujui, umekisikia tu kikitoka.

Daktari alinieleza kwamba ndani ya kichwa mambo hayalali chumba kimoja. Maneno ya lugha moja yanaweza kuporomoka, ya lugha nyingine yakabaki, na wimbo ukawa umepita njia yake wenyewe. Danieli, nilikaa chini. Mimi miaka yote nilidhani lugha inakaa mdomoni kama meno. Nilikubeba tumboni, nikakunyoa kichwa hicho hicho kwa mikono yangu, na sikujua nimeshika nini. Milima yote hii ya Usambara naifahamu, mabonde yake na vijito vyake, lakini kichwa cha mwanangu kina mabonde kuizidi, na hakuna aliyeyafikia. Hata daktari alisema hajayafikia. Alisema amesimama mlangoni.

Kisha kichomi kikakuchukua. Hilo sitaliandika.

Tulipomaliza matanga daktari akarudi. Alikaa pale penye kigoda chako, akakataa chai mara ya kwanza kwa aibu, mara ya pili akanywa. Alikuwa na ombi. Kanda za sauti yako na majibu yako yote yamo kabatini kwake, na yeye anaona si haki yabaki kwake. Wako wataalamu katika nchi nyingine wenye wagonjwa kama wewe, mmoja huku, mmoja kule, kila daktari na wake, kila mmoja akidhani aliyemwona yeye ni ajabu ya peke yake. Wamekubaliana kuweka kila walichonacho mahali pamoja, ili yeyote anayetafiti mambo haya asikilize na alinganishe. Aliniambia mgonjwa mmoja ni hadithi, lakini wengi wakiwekwa pamoja ni elimu. Nikamwambia hilo halihitaji kufundishwa hapa, sisi tuna shamba la kijiji.

Baba yako mdogo Shedraki akakataa. Unamjua, anaanza kukataa kabla hujamaliza kumwambia. Akasema sauti ya marehemu ni ya ukoo, haiachwi ikazurura ng'ambo, na watu watamcheka mwanaume mzima asiyejua kutaja moto kwa lugha ya kwao. Daktari akamtuliza. Akasema hakuna atakayejua ni nani. Jina lako litaondolewa, na la kijiji, na kwamba ulikuwa mwalimu, na popote kwenye kanda ulipojitaja patakatwa. Itabaki sauti ya mwanaume fulani wa milimani.

Shedraki akaridhika. Na hapo hapo mimi nikakasirika.

Jina lako liondolewe kwa nini? Tangu nikuzae sijaitwa kwa jina langu, naitwa Mama Danieli. Wakikufuta wewe wamenifuta na mimi. Nikamwambia daktari, waandike Danieli kwa herufi kubwa, waandike na mama yake, waandike na Malindi, ili wakishangaa wajue wanamshangaa nani. Ukinipa kitu kizuri mimi nakitembeza, ndivyo nilivyo. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawezi. Ulipokuwa hai alikuahidi kwamba alichokiona kichwani mwako hakitatumika kukuaibisha, na ahadi haifi na mtu. Shedraki akasema kama mimi nataka jina litajwe, basi hapana. Nami nikasema bila jina hapana. Chai ikapoa.

Daktari hakubishana. Alipokuwa akifunga mkoba akanieleza habari moja tu. Kuna mwanamke huko mbali, hakunitajia nchi, aliugua akapona, akaamka hasemi lugha ya kwao, anasema ile aliyojifunza kazini. Ndugu zake wamemtenga. Wanasema anajifanya. Daktari wake hana cha kuwaonyesha, maana hajawahi kumsikia mwingine wa namna hiyo.

Nikakuona nyuma ya nyumba.

Nikamwambia aketi tena. Nikasema, "Mchukue. Jina nitabaki nalo mimi." Shedraki akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Na ngoja nikuambie la kujivunia. Daktari alihitaji mtu wa nyumbani azitaje picha zile zile kwa Kishambaa, ili wa mbali wasikie ni lugha gani uliyoipoteza. Angeweza kumchukua mchungaji, angeweza kumchukua mwenyekiti. Alinichukua mimi. Akaiwasha mashine, akaweka picha ya maji, nikasema mazi, kwa sauti ya kusikika mpaka Mtae. Akasema mama, polepole kidogo. Kwa hiyo kwenye kanda uko wewe, halafu niko mimi. Wewe unasema lako, mimi nasema langu, picha kwa picha. Wanaosikiliza hawajui kwamba mmoja alimzaa mwenzake.

Juzi daktari amekuja kunipa habari. Kanda zimefika. Zimesikilizwa na watu wa mataifa ambayo siwezi kuyatamka, na walipofika kwenye ule wimbo wakaomba urudiwe. Na yule mwanamke, daktari wake amewakalisha ndugu zake akawasikilizisha sauti yako. Hawakujua ulichosema, ila walielezwa wewe ni nani. Yaani hawakuelezwa. Walielezwa ni mtu. Mama yake mwanamke huyo ameanza kwenda kumtembelea.

Kisha daktari akaniomba jambo, mwanangu, na ni gumu kuliko yote. Nisiwaambie watu. Jina tulilolificha nikilitembeza mimi sokoni, tumelificha kwa nani? Nikaahidi.

Jana nilikuwa Lushoto na mapeasi yangu. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Kwai, anauza siagi, ana mtoto karani Tanga. Alimsifu huyo karani tangu tulipotandika magunia mpaka jua likawa utosini. Anavaa tai. Ana kiti cha kuzunguka. Halafu akanigeukia, akaniuliza, "Na wewe mwenzangu, wako yuko wapi?"

Danieli, ulimi ulinijaa mdomo mzima. Mimi, ambaye nilitangaza jino lako la kwanza mpaka Soni. Nikamwambia, "Wangu alikuwa mwalimu. Ametangulia." Akanipa pole. Nikapanga mapeasi.

Kwa hiyo najisifu kwako, kwa sababu umebaki wewe tu wa kujisifia. Lala salama, mwalimu wangu. Lala na lugha zako zote, naamini huko umerudishiwa. Nakuahidi nitanyamaza. Unajua mwenyewe ni zawadi ya ukubwa gani, kutoka kwangu.

Mama yako