Kifurushi Ulichokichoma Uani kwa Mama

Kijiji cha Mchombe,
Ifakara.
9 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Evod,

Bwana asifiwe, au Tumsifu Yesu Kristo, chagua mwenyewe ile unayoitikia siku hizi. Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Tunduma, wewe na Herieth na watoto, na kwamba kifua cha yule mdogo kimepona. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua zimeanza wiki iliyopita, na barabara ya Mlimba imesharudi kuwa tope.

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata. Marahaba. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda: kila nikianza kusema unaanza kukemea, na kukemea kwako kunanimalizia salio. Karatasi haikemewi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza niseme lililo la kweli. Sikatai kwamba umeokoka. Pombe umeacha, Herieth amenenepa, na ulipokuja mwezi wa kumi na moja uliamka mapema ukamchotea mama maji bila kuombwa. Nilimwambia hata mwalimu Salvatory, katekista wetu, kwamba mdogo wangu amezaliwa upya kweli, naye akamshukuru Mungu pamoja nami. Nimeliandika hilo usije ukasema dada ana wivu wa dini.

Lakini Evod, nimekukasirikia. Wiki tatu sasa nalala na hasira na kuamka nayo, na kwenye kuungama nimeitaja mara mbili.

Ile Jumamosi, mimi na mama tukiwa jumuiya, uliingia jikoni kwake ukaona kifurushi cha kaniki kinaning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa masizi, kimefungwa kwa ukindu na majani makavu yamechomekwa pembeni. Tuliporudi tulikukuta uani na Biblia mkononi, unaomba kwa sauti, kifurushi kinateketea. Ukatutangazia, majirani wakisikia, kwamba umeivunja madhabahu ya mababu, na kwamba aliyefanywa kiumbe kipya halali nyumba moja na mambo ya kale.

Ile ilikuwa mbegu ya mpunga. Ni mbawambili ya bibi, ambayo mama huichagua suke kwa suke kila mavuno, kisha anaitundika juu ya moto ili moshi uifukuzie wadudu. Yale majani ni mwarobaini tu. Najua kutunza mbegu kwetu ni kazi ya wanawake, na ninyi wavulana jikoni mlikuja kufuata sahani. Basi si ungeuliza? Mama alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, anasali rozari.

Unapenda kuhubiri habari za Nikodemu na kuzaliwa mara ya pili. Tulizisikia siku zote nne ulizokaa hapa, asubuhi na jioni. Mimi sijasoma sana, lakini habari hiyo naijua. Yule alikuwa mwalimu mzima wa dini, na hakuelewa, akauliza maswali ambayo mtoto angeyaonea aibu. Na Yesu alikaa naye akamweleza. Hakwenda kupekua jiko la mama yake. Wewe umezaliwa upya juzi na tayari huna swali hata moja.

Na jambo jingine linalonichoma. Bwana alipotaka tuelewe kufa na kuwa hai tena, alisema habari za punje inayoanguka ardhini. Alisema na watu wenye matope miguuni, watu kama sisi. Mama haelewi mahubiri ya kwenye spika, lakini hilo analielewa kuliko wewe na mchungaji wako, maana kila mwaka analiona kwa macho yake kwenye jaruba la mpunga. Ulisimama na Maandiko mkono mmoja, na mkono wa pili ukaichoma punje ile ile inayoyaeleza. Ningekuwa na nguvu za zamani ningekuchapa pale pale, na ndevu zako hizo.

Usidhani naililia mbegu. Mbegu imepatikana. Unamkumbuka Mbuke, yule mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe, ambaye ulikataa kumpa mkono kwa sababu ya bangili zake? Mwaka ule mafuriko yalipolifagia shamba lake, mama alimgawia mbawambili, naye ameipanda tangu hapo. Aliposikia habari yetu alileta debe zima kichwani, akalitua barazani, wala hakukutaja kwa ubaya. Nilimwonea aibu.

Lakini debe bado liko barazani. Mama haligusi. Wenzetu wote wameshapanda, maji yakijaa bondeni hatutapanda tena, na yeye anaketi anaitazama ile mbegu. Jumapili mbili hajakwenda kukomunika. Anabaki benchi la nyuma wenzake wakipita. Nilipombana aliniambia hawezi kumpokea Bwana kwa mdomo uliokula mambo ya shetani miaka yote. Mwalimu Salvatory amekuja kumweleza, hasikii. Mimi hanisikii. Mama hana hasira na wewe hata kidogo, Evod. Amekuamini, na hilo ndilo linaloniua.

Kwa hiyo usinitumie sauti za maombi, wala usimtume mchungaji. Panda gari uje kabla ya tarehe ishirini, uketi naye kwenye kigoda pale jikoni, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Kama kuokoka kwako hakuwezi kukutoa Tunduma kuja kumwomba mama yako msamaha, basi usinihubirie tena.

Nisalimie Herieth, mwambie sina neno naye. Wabusu watoto. Shangazi Agnetha na kaka Telesphory wa Mang'ula wanawasalimu. Mungu awalinde njiani, maana nimeshaamua kwamba mnakuja.

Mama naye amenipa maneno yake niyaandike kama alivyoyasema, na nilipokataa alitaka kumtafuta mtu mwingine wa kumwandikia. Anasema hivi: "Muulize mwanangu: Ninyi nyote niliwalea kwa mchele wa mbegu ile, na wewe ulikula kuliko wenzako. Je, na ninyi niliwalisha mapepo? Kama ndivyo, niombee kwa Mungu, maana mimi sikujua."

Njoo umjibu wewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa hasira hii,
Leticia