Pigo la Pili

Jumapili, 2 Machi

Wiki mbili za ndoa! Bado namtazama mume wangu akifunga kamba za viatu kama natazama sinema. Kesho anarudi karakana, likizo imekwisha. Nitakaaje na kuta hizi? Nitampelekea chakula cha mchana mwenyewe. Kacheka: eti nitamnenepesha ashindwe kupita kwenye mageti anayoyachomelea. Laazizi wangu! Mikono imejaa makovu ya cheche, na bado ikinigusa — basi, nisiendelee.

Jumatatu, 3 Machi

Kalamu haishikiki.

Nilifika na bakuli langu. Mashine zote kimya. Nikamsikia anapiga kelele ndani. Amefungwa kamba kwenye nguzo! Mbele yake jitu limevaa kinyago cha kuchomelea, mkono mmoja umemkaba shingo, mwingine umeinua nondo. Bakuli likanitoka. Niliokota kipande cha bomba nikapiga.

Kinyago kikadondoka. Kijiko! Rafiki yake Kijiko, mpambe wake siku ya harusi yetu.

Mafundi wengine wakaja mbio kutoka nje, soda mikononi. Ulikuwa mchezo. Kila fundi anayeoa, siku ya kwanza kurudi kazini hufungwa nguzoni mpaka aahidi kuwalisha wenzake. Hata mwenye karakana alifungwa enzi zake. Mume wangu anasema alisahau kuniambia. Alisahau!

Kijiko hajafungua macho.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Mama yake Kijiko kaniona kwenye korido. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema mwanawe ndiye aliyenishikia mwavuli mvua ilipotukuta, shela langu lisilowe, yeye akalowa chapachapa. "Haya, bibi harusi. Ahsante yako tumeiona."

Askari anataka maelezo yangu Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Wakili ni mama mfupi, mpole. Anasema sheria inamwelewa aliyeogopa. Ukiamini kwa dhati mtu wako anauawa, unaruhusiwa kumwokoa, hata ikija kuonekana ulikosea, mradi usizidishe nguvu kuliko hatari uliyoiona. Nikapumua! Nilitaka kumkumbatia.

Kisha akasema hatari ikiisha, ruhusa nayo imeisha. "Mtu akishaanguka, mwanangu, unaweka silaha chini. Ulimpiga mara ngapi?"

Nikaomba maji.

Mara mbili. Moja begani, akaanguka, kinyago kikatoka. Nikaona uso. Nikaona meno yake. Halafu la pili, kichwani. Mkono ulikuwa umeshaanza kushuka kabla sijamtambua? Nikifumba macho mara ulikuwa umeshaanza, mara haukuwa. Mungu wangu, sijui! Na hilo ndilo watakaloniuliza.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Alikuwa ananawa mikono. "Moja," akasema, bila kugeuka. Nikamwambia alikuwa pale pale, alisikia mbili. "Mke wangu, masikio ni yangu. Yalisikia moja." Na daktari je? Daktari ana macho! Akasema kichwa kiligonga sakafu, sakafu ni ya zege, yamekwisha.

Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Nikanyoosha mkono nimtoe uzi kwenye kola. Akaruka! Kiwiko juu, kichwa kimeinama. Kisha akacheka. Nikacheka na mimi. Tukala.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hapa kituoni, kwenye benchi, angalau mikono iwe na kazi.

Kijiko kafungua macho leo asubuhi. Nililia kwa furaha, nilipiga magoti pale pale jikoni. Halafu, bado niko chini, wazo likaja: anakumbuka nini? Nikaogopa kuamka kwake kama nilivyoogopa kufa kwake. Mtu gani anafikiri hivyo!

Mume wangu kaitwa kwanza. Mlango umefungwa, nasikia sauti tu, maneno siyapati. Wakili kakaa pembeni yangu. Kasema nikiingia niseme nilichokiona, na nisichokijua niseme sikijui. Akisema mume wangu moja, na mimi mbili, atakuwa amedanganya polisi kwa ajili yangu. Nikisema moja, Kijiko akipata sauti —

Mlango unafunguka. Ni yeye. Shati limelowa mgongoni. Ananitazama, ananitabasamia lile tabasamu langu, na chini chini, karibu na paja, ananyoosha kidole kimoja.

Askari yuko nyuma yake. Anakitazama kidole.

Ananiita.